Lishe ya nyongeza kwa ndama wa nyama
Chakula wanachopewa ng'ombe wachanga juu ya malisho ya mbugani, ili wasidhoofu. Katika Buigiri, wilaya ya Chamwino, kama ilivyo katika Ugogo kwa jumla, ambako mvua hunyesha takriban kati ya Desemba na Aprili, nyasi za kiangazi hukauka hata protini yake ikashuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyuzinyuzi hupungukiwa na riziki, ndama akashiba majani makavu na kukonda vilevile. Dawa iliyo karibu, na kwa hakika iliyo bora, ni mashudu ya alizeti, zao maarufu la Dodoma na Singida, yakichanganywa na pumba za mahindi na chumvi ya mifugo. Urea, ijapokuwa rahisi, ni sumu kwa ndama asiyeanza kucheua, asipewe kamwe.