Mjane wa Mozart

Wolfgang Amadeus Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791, ana miaka 35. Alimwachia mkewe Constanze madeni, watoto wawili na marundo ya karatasi za muziki. Walizaa sita, wanne walishazikwa. Karl alikuwa na miaka 7, Franz Xaver hajatimiza miezi mitano.

Constanze alizaliwa mwaka 1762 katika ukoo wa Weber, nyumba ya waimbaji. Mozart alianza kumpenda dada yake, Aloysia, akakataliwa. Mwaka 1782 akamwoa huyu mdogo, na barua ya ridhaa ya baba yake, mzee Leopold, ikafika harusi imekwisha. Waandishi wa baadaye walimwita Constanze mbadhirifu asiye na akili. Tutazame alivyofanya.

Angekuwa wa kwetu pwani, angekaa eda. Yeye, siku sita baada ya kifo, alimwandikia Kaizari kuomba pensheni. Kwa kanuni hakustahili, maana mumewe alitumikia kasri miaka minne tu. Mwaka 1792 akapewa gulden 266 kwa mwaka, thuluthi ya mshahara wa marehemu.

Kisha ikaja habari ya misa ya wafu. Kabaila Walsegg, aliyefiwa na mkewe, aliiagiza kwa siri, akikusudia kuitoa kwa jina lake mwenyewe. Mozart alikufa hajaimaliza, na kazi nusu hailipwi kamili. Constanze akampa Joseph Eybler, naye akaanza, akairudisha. Ndipo Süssmayr, aliyekuwa karibu na marehemu, akaikamilisha. Kabaila alipewa nakala yake. Mjane naye alibaki na zake, na mwaka 1800 misa ikachapishwa Leipzig kwa jina la Mozart. Kabaila alilalamika. Alikuwa na haki yake, lakini mwizi akiibiwa nani atamhurumia?

Kati ya 1795 na 1796 Constanze alizunguka Ujerumani akiandaa maonyesho ya opera ya *La clemenza di Tito*, naye mwenyewe akiimba. Miswada hakuimwaga sokoni kwa pupa. Alingoja, akapima wanunuzi, na mwishoni mwa 1799 akauza sehemu kubwa kwa mchapishaji mmoja, Johann Anton André wa Offenbach. Karatasi hizo zingetawanywa moja moja, leo tungekuwa tunaokoteza.

Barua nyingi za biashara hiyo ziliandikwa na mpangaji wake, Georg Nikolaus Nissen, mwanadiplomasia wa Denmark. Walioana mwaka 1809, wakaishi Copenhagen, baadaye Salzburg. Nissen alianza kuandika maisha ya Mozart, akafariki mwaka 1826. Mjane, kwa mara ya pili, akahakikisha kitabu kinatoka, 1828. Humo mambo mengine yaliachwa, na katika barua za familia yalifutwa kwa wino. Ulinzi wake haukuwa wa bure.

Hata hivyo kaburi lilimponyoka. Mozart alizikwa makaburi ya Mtakatifu Marx bila alama, na Constanze alikwenda kulitafuta baada ya miaka 17. Halikujulikana tena.

Yeye alifariki Salzburg tarehe 6 Machi 1842, miezi sita kabla ya sanamu ya Mozart kuzinduliwa mjini humo. Wanawe wote wawili walihudhuria. Mama yao amelala makaburi ya Mtakatifu Sebastian, pamoja na Nissen, na pamoja na mkwewe Leopold.