Fulu, Dimu na Wati Mia

Shuleni tulifundishwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, tukakariri tarehe na vifungu, wengine wakafaulu na wengine wakafeli. Historia ya glopu ya gari hatukufundishwa. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nikawa nashinda Unga Limited, kwa mafundi wa umeme wa magari, maana riwaya ninayoiandika ina dereva wa usiku. Huko ndiko nilikolikuta swali hili: glopu ya taa kubwa iwe ya wati ngapi? Usicheke, ndugu msomaji. Swali hili limebeba roho za watu.

Tuanze nyuma kidogo. Magari ya zamani kabisa yalimulika kwa moto wa kabaidi iliyodondoshewa maji. Taa za umeme zikaja baadaye, na kufikia miaka ya 50 glopu ya kawaida ya Ulaya ilikuwa na wati 45 kwa fulu na 40 kwa dimu. Uzi wake wa tungsten ulikuwa ukichakaa na kupaka weusi kwenye kioo, kwa hiyo glopu ilififia kabla ya kuungua. Mwaka 1962 Ulaya ikatoa glopu ya halojeni, H1, wati 55. Gesi iliyomo huirudisha tungsten kwenye uzi, na kioo kinabaki safi. Mwaka 1971 ikafuata H4, fulu na dimu ndani ya glopu moja: wati 60 kwa 55. Kipimo hicho ndicho hicho mpaka leo.

Sasa hizi wati 100 kwa 90 zinazouzwa madukani ni za nini? Ni za mashindano. Watu wa huku tunayajua mashindano hayo: Safari ilianza 1953, mwaka wa kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Lakini gari la mashindano lina fundi wake, waya wake mnene, na likirudi linafumuliwa lote. Gari la abiria halina bahati hiyo.

Halafu kuna historia yetu wenyewe. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983, na spea zikawa za kutafuta kwa tochi. Kuanzia 1984 watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na miaka ya 90 mitumba ya Japani ikamiminika. Kwa bahati Wajapani nao huendesha kushoto, kwa hiyo dimu yao huinamia kushoto kama tunavyotaka. Gari lililoundwa kwa nchi za kulia humulika usoni mwa anayekuja, hata kwa wati 55.

Siku moja dereva wa kifodi alikuja akidai wati 100.

"Braza, mimi nataka mwanga, sitaki hesabu."

Fundi akamjibu taratibu, "Mwanga utapata. Mwenzako anayekuja ndiye atakosa macho."

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Gawa wati kwa volti 12. Glopu mbili za 60 zinakula ampea 10. Glopu mbili za 100 zinakula karibu 17, kupitia waya na swichi zilezile za kiwandani. Waya unapata moto, swichi inayeyuka, sahani ya ndani ya taa inapauka. Tena waya mwembamba hupoteza volti njiani, na volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua kama asilimia 30. Umenunua wati 100, unapata mwanga mwekundu wa kibatari!

Ushauri wa fundi ulikuwa huu: acha 60 kwa 55, funga rilei, vuta waya mnene kutoka kwenye betri kwa kupitia fyuzi, elekeza taa vizuri, na usishike kioo cha halojeni kwa vidole vyenye mafuta. Dereva alinuna, lakini alikubali.

Nilimwelewa fundi nilipopita usiku barabara ya Namanga. Ukishaiacha Ngaramtoni kupanda Oldonyo Sambu, ukungu wa Meru unashuka. Fulu kali inagonga ukungu na kukurudia machoni, nawe huoni punda wala mama aliyebeba kuni pembeni. Hapo wati nyingi ni upofu.

Na wati siyo mwanga. Wati ni umeme unaoliwa. Taa ya zenoni, iliyoanza kwenye BMW mwaka 1991, inakula wati 35 na kutoa karibu mara mbili ya mwanga wa halojeni. Leo wauzaji wa LED wanaandika wati wanazotaka kwenye boksi. Ukiitia glopu hiyo kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni, mwanga unatawanyika ovyo, na anayekuja mbele yako anaumia.

Wenzangu mnaoandika, msingoje vitabu viwaletee historia. Nendeni gereji, kaeni na mafundi, ulizeni kila kitu kimetoka wapi. Na wenye magari, someni namba kwenye kitako cha glopu kabla hamjalipa.