Si Theluji Iliyowatajirisha Watu wa Alps

Kila mtu akiposti video ya Uswisi, hukosi kusikia maneno haya: "Hawa watu walibarikiwa." Yaani Mungu aliwamwagia theluji, akawapa milima mizuri, na pesa zikafuata zenyewe. Wakati wa baridi wageni wanateleza kwenye theluji, wakati wa joto wanapanda njia za milimani kati ya maua, na mwaka mzima hoteli zina watu. Sisi tunatazama tu kwenye simu tukipumua kwa nguvu.

Mimi hiyo hadithi ya baraka nimeikataa. Theluji imekuwa kwenye milima ya Alps tangu zamani za kale, na karibu muda huo wote watu wa pale walikuwa maskini hohehahe. Kilichowabadilishia maisha ni vile walivyojipanga wageni walipoanza kubisha hodi. Na sisi tulio na mlima wetu wa barafu, hiyo ndiyo sehemu ya historia tunayohitaji kuisikia.

Mlima wa laana

Rudi nyuma hadi karne ya 17. Ulaya ilikuwa kwenye kipindi cha baridi kuliko kawaida, na ile mito ya barafu inayojikokota kutoka vileleni ilikuwa inarefuka. Kule Chamonix, bonde lililo chini ya Mont Blanc, barafu ilisogelea mashamba na nyumba za watu. Mwaka 1644 wanakijiji walimwita askofu Charles de Sales, akaongoza msafara wa sala hadi kwenye barafu yenyewe, akaiombea irudi nyuma. Huko Uswisi, watu wa Fiesch na Fieschertal waliweka nadhiri mwaka 1678 kwamba wataishi kwa uadilifu na kusali ili barafu kubwa ya Aletsch iache kukua. Hiyo nadhiri ya 1678 ikumbuke, nitaihitaji baadaye.

Hadi leo kilele kimoja jirani na Mont Blanc kinaitwa Mont Maudit, yaani Mlima Uliolaaniwa. Na mwaka 1723 Johann Jakob Scheuchzer, daktari na mwanasayansi wa Zürich, alichapisha kitabu cha safari zake za milimani chenye michoro ya majoka ambayo watu walidai kuyaona huko juu. Huyu alikuwa msomi wa kuheshimika, si mtu wa porojo. Kama msomi mwenyewe anachora majoka, unafikiri nani alikuwa anaenda kule kutalii?

Umaskini nao ulikuwa wa kweli. Kwenye mabonde ya Tyrol, Vorarlberg na Graubünden, familia zisizo na chakula cha kutosha ziliwatuma watoto wao kazini kila mwaka baridi ikianza kupungua. Watoto walivuka milima kwa miguu, wengine njia bado ina theluji, hadi eneo la Swabia kusini mwa Ujerumani. Huko walipangwa sokoni, wakulima wakawachagua wa kuchunga mifugo na kulima hadi majira ya vuli. Malipo yalikuwa chakula, nguo, viatu na vijisenti. Mambo haya yaliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Hebu tulia na hiyo picha kidogo. Mandhari ni yale yale uliyoweka kwenye skrini ya simu yako. Theluji ilikuwepo, vilele vilikuwepo, na watoto walikuwa wanapangwa sokoni.

Wageni wanabisha hodi

Mwaka 1741 Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke, walifika Chamonix na wenzao wakiwa wamebeba silaha kama watu wanaoenda vitani. Hawakukuta joka. Walichokuta ni barafu kubwa yenye mawimbi, na maelezo ya Windham ndiyo yaliyoipa jina la Mer de Glace, Bahari ya Barafu. Habari zikasambaa Ulaya, na watu wenye pesa wakaanza kutaka kujionea.

Mwaka 1760 alikuja kijana wa miaka 20 kutoka Geneva, Horace-Bénédict de Saussure. Akaahidi zawadi kwa yeyote atakayepata njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Ilichukua miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786, watu wawili walisimama juu: Jacques Balmat, mtafutaji wa mawe ya fuwele, na Michel-Gabriel Paccard, daktari. Wote wawili ni wenyeji wa Chamonix. Mwenye pesa alifika kileleni mwaka uliofuata, Balmat akiwa mbele yake akimwonyesha njia.

Sasa hapa ndipo drama inaanza. Balmat alichukua zawadi, na kwa miaka mingi alisimulia hadithi ambayo yeye ndiye shujaa na Paccard ni mtu wa kukokotwa. Mwaka 1887 Chamonix ilisimamisha sanamu: Balmat anamwonyesha Saussure kilele. Paccard hayupo kabisa! Mtu aliyefika juu siku ya kwanza ameachwa nje, na tajiri aliyefika mwaka mmoja baadaye yuko ndani. Sanamu ya Paccard ilikuja mwaka 1986, miaka 200 baada ya yeye kupanda. Kwa hivyo mambo ya kuibiana sifa hayakuanza na mitandao.

Chama cha Chamonix

Lakini tukio ninalotaka ulikumbuke kuliko yote lilitokea mwaka 1820. Mwanasayansi mgeni, Dakta Hamel, alitaka kufika kileleni. Waongozaji walisita kwa sababu ya hali ya hewa, lakini safari ikaendelea. Theluji ikaporomoka na kuwafunika waongozaji watatu wa Chamonix, wakafa. Mgeni alirudi nyumbani kwao. Familia tatu za bondeni zilibaki bila mtu.

Mwaka uliofuata, 1821, waongozaji wa Chamonix wakaunda kampuni yao wenyewe. Masharti yake ungeyaelewa hata bila kusoma historia. Kazi ilienda kwa zamu: mgeni akifika, anampata aliye mbele kwenye foleni, vile vile magari hupangwa stejini. Bei zilijulikana, hakuna wa kushusha ili kumharibia mwenzake. Na kulikuwa na mfuko wa pamoja wa kusaidia walioumia na familia za waliokufa. Kwetu tungeuita chama.

Kampuni hiyo ipo hadi leo. Imepita mapinduzi, vita viwili vya dunia na zaidi ya miaka 200 ya watalii. Kwangu mimi, siku ile ya 1821 ina uzito kuliko siku ya 1786. Kufika kileleni kuliwapa watu wawili jina, lakini ule mfuko ulilipa bonde zima heshima ya kusema: mlima ni wetu, kazi ni yetu, na mtu wetu akifa hatafukiwa kimya kimya.

Angalia tofauti pale ambapo mwenyeji alisimama peke yake. Tarehe 14 Julai 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, cha kwanza kabisa. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakaanguka na kufa. Kati yao alikuwa Michel Croz, mwongozaji wa Chamonix. Walionusurika ni Whymper na waongozaji wawili wa Zermatt, Peter Taugwalder na mwanawe mwenye jina hilo hilo. Uvumi ukaanza kwamba mzee Taugwalder ndiye aliyekata kamba ajiokoe. Uchunguzi rasmi haukumkuta na hatia, lakini uvumi haukumwacha maisha yake yote. Whymper aliandika kitabu kilichosomwa kote. Mzee Taugwalder hakuwa na kitabu cha kujibu.

Baridi nayo ikapata bei

Mpaka hapo utalii ulikuwa wa miezi ya joto. Mwaka 1863 Thomas Cook alileta kundi lake la kwanza la Waingereza Uswisi, na safari ikaanza kufikiwa na watu wa kipato cha kati, si mabwana wakubwa pekee. Lakini vuli ikifika, hoteli zilifungwa na mabonde yakanyamaza.

Hapa inasimuliwa hadithi ya Johannes Badrutt, mwenye hoteli wa St. Moritz. Ati mwaka 1864 aliwawekea dau wageni wake Waingereza: rudini wakati wa baridi, na msipofurahia jua la huku nitawalipia nauli. Inasemekana walirudi Desemba wakakaa hadi Pasaka, wakaondoka na ngozi zimeiva kwa jua. Iwe ilitokea hivyo hivyo au imeongezwa chumvi, jambo moja ni wazi: aliyetengeneza msimu wa baridi alikuwa mwenyeji mwenye hoteli. Karibu wakati huo huo, kule Davos, daktari Alexander Spengler alianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu hata wakati wa baridi, akiamini hewa ya juu inasaidia.

Na mbao za kutelezea? Zilitoka Norwe. Ndugu wawili wa Davos wa familia ya Branger walijifunza wenyewe kuzitumia, na mwaka 1894 walimvusha mgeni mmoja juu ya milima hadi Arosa. Mgeni huyo alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, aliyekuwa Davos kwa sababu mkewe aliugua kifua kikuu. Aliandika makala kuhusu safari hiyo, na Waingereza wakaanza kumiminika. Mwaka 1924 Chamonix iliandaa mashindano ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Mwaka 1934 Davos ikafunga mashine ya waya ya kuwavuta watelezaji kupanda mteremko. Kuanzia hapo hukuhitaji tena kupanda kwa miguu nusu siku ili uteleze dakika kumi.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Reli ya Jungfrau inayofika mita 3,454 ilimalizwa mwaka 1912 baada ya miaka 16 ya kutoboa mwamba. Waliotoboa wengi walikuwa vibarua wa Kiitaliano, na baadhi walikufa kwa ajali za baruti. Leo ukinunua tiketi unaona mandhari, wao huwaoni.

Kamba iliyofika hadi kwetu

Sasa njoo nyumbani. Tarehe 13 Septemba 1899, Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Kwenye vitabu tunaambiwa Mwingereza alikuwa wa kwanza kufika. Lakini waliokuwa naye juu walikuwa César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur, upande wa Italia wa Mont Blanc. Mwenye pesa aliwaleta watoto wa Alps kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na jina na bei.

Msafara huo ulikuwa pia na wapagazi zaidi ya 100, Waswahili wa pwani na Wakikuyu. Ni wao waliobeba mizigo mpaka chini ya mlima. Ollier na Brocherel tunawajua kwa majina. Wapagazi tunawajua kwa idadi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya watu ambao kwao waongozaji walikuwa na kampuni tangu 1850 na watu waliohesabiwa kama mizigo waliyobeba.

Na saa inatembea. Barafu za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Kwenye barafu ya Rhône watu hutandika mablanketi meupe wakati wa joto ili isiyeyuke haraka. Unakumbuka ile nadhiri ya 1678? Mwaka 2009 watu wa Fiesch na Fieschertal waliomba ruhusa kwa Papa wageuze sala yao, na wakaruhusiwa. Mababu walisali barafu iache kukua, sasa wajukuu wanasali iache kuyeyuka. Mlima Kenya nao umepoteza sehemu kubwa mno ya barafu yake, na hatuna miaka mingi ya kuitazama iliyobaki.

Kwa hivyo tukisema "wenzetu walibarikiwa na theluji," tunajidanganya mara mbili. Theluji haikuwatoa kwenye umaskini, na hivi karibuni huenda hata wao wakaikosa. Kitakachobaki Chamonix barafu ikiisha ni watu wenye foleni yao, bei yao na mfuko wao.

Wewe ukipanda Lenana mwaka huu, kuna mtu atakayebeba hema lako kwenye baridi ya saa tisa usiku. Muulize jina lake lote. Muulize analipwa ngapi kwa siku, na akiumia nani atamlipia hospitali. Halafu ukiposti picha ya kileleni, andika jina lake kabla ya lako.