Jicho ni mjumbe tu

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walimaanisha kuwa huwezi kumkataza mtu kutazama. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya pazia ambalo limewashukia watu wengi wanaoishi kando ya mito yetu, na juu ya muda mrefu uliopita kabla binadamu hajamjua anayelishusha.

Ukifika Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, utawakuta akina mama wa Kikisi wakiuza vyungu vyao. Mfinyanzi hujua unene wa chungu kwa vidole. Je, ni kidole kinachojua? La hasha! Ncha za mishipa ya fahamu zilizomo ndani ya ngozi hupokea mguso, huupeleka kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo huupandisha hadi ubongoni. Ubongo ndio unaosema, hapa pamekuwa pembamba mno.

Jicho nalo ni hivyo hivyo. Mwanga hupenya kioo cha mbele, hupita katika mboni na kuangukia utando wa nyuma uitwao retina. Kutoka hapo, mshipa wa fahamu wa jicho, wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, hupeleka habari ubongoni. Kwa hiyo jicho ni mjumbe tu. Anayeona ni ubongo. Mjumbe akiuawa njiani, ubongo hubaki gizani hata kama wenyewe ni mzima.

Yuko mdudu ambaye kazi yake huishia katika kumuua mjumbe huyo. Simsemi yule mdudu wa ziwani anayepaa kama wingu la moshi juu ya maji ya Nyasa, ambaye watu humkusanya na kumla. Huyo hamwumi mtu. Ninayemsema ni usubi, inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo, ambaye hazai katika maji yaliyotulia. Yeye hupenda maji yaendayo kasi juu ya mawe, kama yale ya mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe kwenda Kyela. Ndiyo maana wataalamu huhesabu Rungwe, Kyela na Ileje kuwa eneo moja la ugonjwa wa usubi, na huliita eneo la Tukuyu.

Usubi akimwuma mtu mwenye ugonjwa na kisha kumwuma mwingine, humwachia huyo wa pili mbegu ya mnyoo. Mnyoo huo hukaa ndani ya kinundu chini ya ngozi, na waweza kuishi takriban miaka 15 ukizaa watoto wasiohesabika, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Watoto hao hutembea chini ya ngozi, na wanapokufa mwili huwaka kwa hasira. Ncha za mishipa ya fahamu hupiga kelele mchana na usiku, mtu akajikuna mpaka ngozi ikawa kama ya mjusi. Wengine huingia jichoni. Wakifia kwenye kioo cha mbele, kioo hufanya ukungu. Wakifia nyuma, huharibu retina na mshipa wa fahamu wenyewe.

Mnyoo huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1893 na Mjerumani Rudolf Leuckart, kutokana na vinundu vilivyoletwa kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Lakini nani angefikiri kwamba kinundu cha kiunoni kina habari na jicho? Ilimpasa daktari Rodolfo Robles wa Guatemala, mwaka 1915, auone uhusiano huo kwa wagonjwa wa mashamba ya kahawa. Nao ushahidi kwamba msambazaji ni usubi ulitolewa na Donald Blacklock huko Sierra Leone mwaka 1926. Hesabu mwenyewe: kutoka mnyoo hadi inzi, miaka 33!

Na muda wote huo vijijini watu walikuwa na maelezo yao: amerogwa, amekula kiapo cha uongo, ametembelewa na mizimu. Siwacheki. Mtu anapopofuka pole pole miaka mingi baada ya kuumwa na inzi, nani angemkumbuka inzi?

Jambo hili lilikuwa chungu zaidi Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, ambako pia usubi umekuwa tatizo la siku nyingi. Huko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, wakiamini kwamba kifafa huambukiza. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kifafa kimezidi palipo na usubi mwingi. Namna hasa mnyoo huo unavyoufikia ubongo bado inatafutwa, lakini mwenye kifafa si wa kukimbiwa.

Dawa ilitoka mbali. Satoshi Ōmura alichukua udongo nchini Japani, akapata humo kijidudu ambacho William Campbell na wenzake huko Marekani walikitolea dawa iitwayo ivermectin. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, na mwaka 2015 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Katika eneo la Tukuyu dawa hii imekuwa ikigawiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgawaji ni mwanakijiji mwenyewe, na kipimo chake ni kijiti cha kupimia urefu.

Hapa ndipo penye kazi. Dawa hii huua watoto wa mnyoo, haimwui mama. Kwa hiyo lazima inywewe kila mwaka, miaka 10 hadi 15, mpaka mama azeeke na kufa. Na mzee wa kijijini anauliza, tena kwa haki, “Mimi siwashwi, naona vizuri, kwa nini ninywe dawa ya mgonjwa?” Jibu lake limo katika mwili wake mwenyewe. Ngozi ikikatika huota tena na mfupa ukivunjika huunga. Mshipa wa fahamu wa jicho ukifa, hauoti. Hakuna kidonge cha kumrudisha mjumbe aliyekufa. Kilichopo ni cha kumlinda angali hai.

Nawe unayesoma gazeti hili mjini, pengine una mama au mjomba huko bondeni. Unapompelekea sukari na kanga, muulize pia kama mwaka huu amekunywa dawa. Guatemala, nchi ya Robles, ilithibitishwa mwaka 2016 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu. Walifika kwa kumeza, mwaka baada ya mwaka, hata wale wasiowashwa.