Wanagenzi wa Duka la Nguo: Kumbukumbu za Ujana na Historia ya Kazi

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutujia kila tunaposoma habari za maduka makubwa ya Uingereza ya karne ya 19. Majengo yake yamepigwa picha, na matangazo yake yamehifadhiwa. Lakini vijana waliosimama nyuma ya meza za kuuzia, wengi wao wenye umri wa miaka 14 au 15, hawakuachiwa nafasi katika picha hizo. Katika makala hii tungependa kuwatazama wawili waliobahatika kusimulia wenyewe.

Kwanza yafaa tueleze maduka yenyewe. Mnamo mwaka 1863 William Whiteley alifungua duka dogo la nguo katika mtaa wa Westbourne Grove, London. Duka hilo lilizidi kupanuka, likaongeza idara baada ya idara, hata mteja akaweza kununua chini ya paa moja karibu kila kitu alichohitaji. Nayo miji ya pwani, kama vile Southsea na Brighton, ambako wenye nafasi walikwenda kupunga upepo wa bahari, ilikuwa na maduka yake ya fahari, yenye hariri, kitani, utepe na kofia za mtindo mpya. Mteja alipoingia aliwekewa kiti. Mwuzaji alisimama kutwa.

Katika duka la namna hiyo, mjini Southsea, mwaka 1881, aliingia kijana H. G. Wells, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri. Baba yake, aliyekuwa na kiduka cha vyombo vya udongo, alikuwa amevunjika mguu miaka michache nyuma, na nyumba ikaingia katika dhiki. Walimu wenzetu watalikumbuka neno bazazi: katika Kiarabu ni mwuza nguo, nasi tumelifanya kuwa mfanyabiashara mwenye hila. Mama yake Wells aliitazama kazi hiyo kwa maana ile ya kwanza. Kwake ilikuwa kazi safi, ya heshima, isiyochafua mikono. Ndiyo maana watoto wake wote watatu waliwekwa kuwa wanagenzi wa nguo.

Kumbukumbu za Wells, alizozichapisha mwaka 1934, zaonyesha upande wa pili wa heshima hiyo. Kazi ilichukua saa 13 kwa siku. Mwanagenzi alipangusa vumbi kabla ya kifungua kinywa, akakunja majora yaliyokunjuliwa mbele ya wateja, akatumwa huku na huko, na usiku akalala bwenini pamoja na wenzake. Alikula kwa tajiri na kulala kwa tajiri. Hivyo hata baada ya duka kufungwa aliendelea kuwa chini ya amri yake.

Je, tuamini maneno ya mtu aliyeandika nusu karne baadaye, akiwa amekwisha kupata sifa? Hapana shaka kumbukumbu huongeza chumvi. Lakini tunayo mizani ya kuipimia. Sheria ya mwaka 1886 ilikataza vijana wa chini ya miaka 18 kufanya kazi dukani zaidi ya saa 74 kwa juma, pamoja na nafasi ya kula. Tukigawa hesabu hiyo kwa siku sita, twapata saa zaidi ya 12 kila siku. Tena hicho kilikuwa kipimo cha huruma! Nayo sheria hiyo ilipotungwa haikuweka wakaguzi wa kuisimamia. Basi mzee Wells hakuwa akitunga hadithi.

Mwaka 1883 alishindwa kuvumilia. Alitembea kwa miguu maili 17 hadi nyumba ya kitajiri ya Uppark, ambako mama yake alikuwa msimamizi wa nyumba, akamwambia kwamba harudi tena dukani. Aliyemwokoa alikuwa mwalimu, Horace Byatt wa shule ya Midhurst, aliyempokea kama mwanafunzi na msaidizi wa kufundisha. Mwaka uliofuata Wells alipata msaada wa masomo akaenda kusoma sayansi London. Mwaka 1905 alitoa riwaya ya Kipps, ambayo shujaa wake ni mwanagenzi wa duka la nguo.

Wa pili ni Margaret Bondfield, binti wa familia ya watoto 11, aliyeanza uanagenzi katika mji wa Hove, jirani na Brighton, mwaka 1887, akiwa na miaka 14. Bibi mmoja aitwaye Louisa Martindale alimfungulia mlango wa nyumba yake na kumwazima vitabu. Mwaka 1894 Bondfield alihamia London, akajiunga na chama cha wafanyakazi wa maduka, akaanza kuandika katika gazeti la chama kwa jina la kubuni, Grace Dare. Aliandika usiku bwenini, wenzake wakiwa wamelala, akiukinga mwanga wa mshumaa kwa taulo.

Maandishi ya namna hiyo hayakupotea bure. Mwaka 1899 sheria iliamuru wauzaji wanawake wawekewe viti, kiti kimoja kwa kila watu watatu. Mwaka 1911 wafanyakazi wa maduka walipata nusu siku ya mapumziko kila juma. Na mwaka 1929 yule aliyekuwa mwanagenzi wa Hove aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Uingereza.

Hata hivyo tusiwatazame hawa wawili peke yao. Kaka zake Wells nao walikuwa wanagenzi wa nguo, na habari zao twazipata kwa kalamu ya mdogo wao tu. Maelfu ya wengine hawakuwa na ndugu wa kuwaandikia. Walikunja majora yao, wakazeeka, wakaenda na simulizi zao. Tofauti haikuwa katika akili wala katika taabu. Mmoja alipata mwalimu, mwingine akapata mtu wa kumwazima vitabu.

Sisi tunaofundisha lugha tuna la kujifunza hapo. Katika miji yetu wamo wazee waliotumwa dukani, gengeni au kiwandani wakingali watoto. Wanafunzi wetu na wawaendee kwa daftari na adabu, wawaulize walilipwa nini, walilala wapi, walisimama saa ngapi. Insha watakazoleta huenda zikawa na makosa ya sarufi, nasi tutayasahihisha. Lakini mzee akiisha kuondoka bila kuulizwa, hakuna kalamu nyekundu ya kusahihisha kosa hilo.