Uzee na Uimbaji: Funzo la Siti binti Saad na Bi Kidude

Historia ya taarab ya Unguja aghalabu huanzia katika kasri. Husimuliwa jinsi Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivyoupenda muziki wa Misri na kuuleta Unguja. Kisha hutajwa kuundwa kwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Hatimaye huja jina la Siti binti Saad, aliyeueneza wimbo wa taarab kwa Kiswahili. Masimulizi hayo yana faida yake, lakini yana upungufu mmoja. Hushughulika na watawala, ala na vikundi, na huliacha swali la umri. Waimbaji hao walikuwa watu wa makamo gani walipoifanya kazi iliyowapa sifa? Na uimbaji uliwafaa nini walipozeeka? Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano miwili ya Unguja, kwamba faida kubwa ya muziki kwa mzee haikuwa kumliwaza tu. Muziki ulimbakizia kazi ambayo jamii yake isingeweza kuifanya bila yeye.

Mfano wa kwanza ni Siti mwenyewe. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, akahamia mjini mwaka 1911. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Kwa hesabu hiyo, Siti alikuwa anakaribia miaka hamsini alipopanda chombo kwenda Bara Hindi. Wala hakwenda kama kijana anayejaribu bahati. Alikwenda kama fundi ambaye sauti, kumbukumbu na uzoefu wake vilikwisha komaa, akiwa na wenzake wa kikundi kilichowahi kuwa na watu kama Maalim Shaaban, Subeti, Mbaruk na Budda. Alipofariki mwaka 1950, alikwisha kumpa Shaaban Robert habari za maisha yake, na kutokana nazo ukapatikana Wasifu wa Siti Binti Saad. Hivyo hata katika siku zake za mwisho Siti hakuwa mtu wa kukumbukwa tu, bali alikuwa mtu wa kuulizwa.

Mfano wa pili ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Wengi huukadiria kuwa katika miaka ya 1910. Alijifunza nyimbo za Siti kwa kusikiliza, akasafiri bara, kisha akarejea Unguja na kukaa Ng'ambo. Huko maisha yake hayakuwa ya taarab peke yake. Aliuza hina na wanja, alitoa dawa za asili, na zaidi ya yote alikuwa mtu wa unyago. Haifai kuupita unyago kwa haraka, kwa kuwa humo ndimo unamoonekana wazi uhusiano wa umri na muziki.

Unyago ni chuo, na mtaala wake ni nyimbo. Kungwi humfunza mwari mambo ya unyumba, mwili, usafi na heshima kwa mafumbo yanayoimbwa na kuchezwa. Mwari husikia maneno kwanza. Maana huifahamu baadaye, tena kwa daraja. Kwa sababu hiyo ujuzi wa unyago haupatikani kwa siku chache. Anayeweza kuongoza ni yule aliyepita daraja zote, aliyeshuhudia ndoa, uzazi na misiba, na ambaye neno lake halitatiliwa shaka. Uzee hapa si kasoro inayovumiliwa. Ni sifa inayotakiwa. Bi Kidude aliipiga ngoma ya msondo akiwa ameifunga kiunoni na kuisimamia, kazi inayotaka nguvu za miguu, mikono na pumzi, na aliendelea kuipiga katika umri ambao wengi huwa wamekwisha kalishwa barazani.

Katika miaka ya 1980, alipokuwa kwa makadirio hayo ana miaka sabini hivi, ndipo sifa yake ilipovuka bahari. Aliimba pamoja na kikundi cha Twinkling Stars na kuzuru Ulaya, Mashariki ya Kati na Japani. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanzishwa Unguja mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa waliolipamba. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Basi sehemu ya maisha yake inayojulikana zaidi na ulimwengu ni ile iliyoanza katika umri ambao mwajiriwa wa serikali huwa amekwisha staafu zamani.

Yafaa kuuliza ni nini katika ufundi wenyewe kinachomfaa mzee. Jibu moja limo katika muundo wa wimbo. Wimbo wa taarab aghalabu huwa na beti za mishororo mitatu, zenye vina vya kati na vya mwisho, na mizani iliyopimwa. Mwimbaji anayesahau neno husaidiwa na kina. Anayepotea katika mshororo hurudishwa na mapigo. Anayechoka hupumzishwa na kiitikio cha wenzake. Kumbukumbu ya mzee, ambayo katika mazungumzo ya kawaida huweza kuyumba, hupata katika wimbo nguzo za kuegemea. Wimbo wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni na jinsi muuaji alivyoponyoka, ulikuwa wa zama za Siti. Bi Kidude aliuimba hata karne ya ishirini na moja ilipoingia. Laura Fair alipouchambua wimbo huo katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja ya kale, aliuona kuwa ushahidi wa historia, hasa ya jinsi raia walivyozitazama mahakama za wakoloni.

Utaalamu wa tiba nao umelisogelea jambo hili kwa njia yake. Mwaka 2003 Joe Verghese na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa New York juu ya watu 469 waliozidi umri wa miaka 75. Waliokuwa na desturi ya kupiga ala za muziki, kucheza dansi, kusoma, au kucheza michezo ya bao na karata walionekana kupatwa na ugonjwa wa kupoteza akili kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Hata hivyo matokeo hayo hayathibitishi kwamba ala ndiyo kinga, kwani huenda mwenye akili timamu ndiye anayeendelea kupiga. Historia ya Unguja haiwezi kuimaliza hoja hiyo. Inachoweza kuonyesha ni hali zinazomwezesha mzee kuendelea: kuwepo kwa wanaomhitaji, wa kumwitikia, na wa kurithi.

Wako watakaopinga. Katika miji ya pwani wapo wanaoona kwamba uzee ni wakati wa toba na ibada, na kwamba ajuza jukwaani amejivunjia heshima. Rai hiyo ina mizizi ya kidini na haifai kudharauliwa; wapo waimbaji mashuhuri walioifuata kwa hiari na kuiacha fani. Wengine watasema kwamba sifa haikumtoa mwimbaji katika ufukara, nao wana haki ya kuuliza. Lakini pingamizi zote mbili zinahusu jukwaa na mapato. Hazigusi kazi ya kufunza, ambayo katika unyago ilikuwapo kabla ya jukwaa, na ambayo haikuhitaji tiketi.

Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Tamasha humfanya mzee kuwa kitu cha kutazamwa. Chuo humfanya kuwa mtu wa kufuatwa. Kufunguliwa kwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mjini Unguja mwaka 2002 kulikuwa hatua njema, kwa maana kuliwakutanisha mafundi wa taarab na ngoma na wanafunzi. Wachunguzi wa lugha nao wana fungu lao. Mafumbo ya unyago na msamiati wa nyimbo za zamani umo vinywani mwa watu wachache wenye umri mkubwa. Mtafiti anayekwenda na kinasa sauti, akachukua maneno na kuondoka, hulifaa daftari lake. Anayekwenda na kijana wa mtaa uleule, akamketisha mbele ya mzee ajifunze kuitikia, huifaa lugha, na humfaa mzee pia: humpa sababu ya kuukumbuka wimbo wa kesho.