Rumonge katika Kurasa za Majarida ya Kikatoliki: Kumbukumbu za Mwambao wa Tanganyika na Swali la Maktaba ya Kidijitali

Tarehe 4 Mei 1881, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Rumonge, waliuawa mapadre wawili wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei, Mbelgiji D'Hoop. Kituo chao kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Kilifungwa, na wamisionari hao hawakupata makao ya kudumu nchini Burundi hadi walipoanzisha Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, mbali na ziwa. Hayo yanafahamika. Lisilozungumzwa sana ni kwamba takriban yote yanayosimuliwa vitabuni kuhusu kituo hicho yametokana na karatasi za aina moja: shajara za kituo, barua za wamisionari, na majarida ya Kikatoliki yaliyozichapisha barua hizo Algeria na Ulaya.

Makala haya yanafuatilia namna karatasi hizo zilivyozaliwa na kusafiri, ili kuonesha kwamba kuyaweka majarida ya Kikatoliki katika maktaba ya kidijitali si kazi ya mafundi wa mashine peke yao. Ni kazi ya kihistoria, na kwa watu wa Rumonge ina uzito usiopimika kwa idadi ya kurasa zilizoskaniwa.

Kutoka shajara hadi jarida

Shirika hilo lilianzishwa na Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Msafara wake wa kwanza kuelekea nchi za maziwa makuu uliondoka mwaka 1878, ukapita Bagamoyo, kisha ukagawanyika: kundi moja likashika njia ya Buganda, jingine njia ya Tanganyika. Padre Pascal, aliyepewa uongozi wa kundi la Tanganyika, alifariki njiani. Waliobaki walifika Ujiji mwezi Januari 1879, na katika mwaka huohuo wakavuka kuelekea kaskazini hadi Rumonge.

Lavigerie alikuwa ameagiza kila kituo kiandike shajara na nakala zake zipelekwe makao makuu. Agizo hilo la kiutawala ndilo lililozaa hazina yote inayozungumziwa hapa. Kutokana na shajara hizo kulichapishwa, kuanzia mwaka 1879, *Chronique trimestrielle*, iliyokusudiwa wanashirika wenyewe. Kwa wafadhili kulikuwa na jarida la *Missions d'Alger*. Mjini Lyon, juma kwa juma tangu mwaka 1868, *Les Missions catholiques* lilichapisha barua za wamisionari kutoka pande zote za dunia. Kwa hiyo tukio moja la ziwani liliweza kupita mikononi mwa waandishi na wahariri kadhaa, kila mmoja akimwandikia msomaji wake.

Tofauti ya wasomaji hao si jambo dogo. Sadaka za wafadhili zilitumika, pamoja na mengine, kuwakomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa na kuwalea vituoni. Nao mgogoro wa Rumonge, kwa mujibu wa masimulizi ya wamisionari, ulimhusu mtoto mmoja wa kituo, aliyegombaniwa baina yao na Wabikari waliokuwa majirani zao. Kwa mfadhili wa Ulaya, mtoto huyo hakuweza kuwa mtu mwingine ila mateka aliyeokolewa. Kwa watu wa mwambao, katika nchi ambamo mtu aliweza kuwa rehani, mateka, mwana wa ukoo au mtumwa, na hadhi hizo kuingiliana, jambo lilikuwa gumu zaidi. Majarida yanayo lugha kwa mtazamo wa kwanza, na hayana kwa ule wa pili. Mtafiti anayesoma kurasa hizo bila kulikumbuka hilo atakuwa anasoma hati ya mlalamikaji na kuiita hukumu.

Majarida ya kitaaluma na kisogo cha ziwa

Baadaye yalikuja majarida ya kitaaluma hasa. *Anthropos* liliasisiwa mwaka 1906 na Padre Wilhelm Schmidt, na likawafungulia wamisionari mlango wa kuchapisha tafiti za lugha na mila. *Revue du Clergé Africain* lilianza Mayidi, Kongo, mwaka 1946. *African Ecclesial Review* lilianza katika seminari ya Katigondo, Uganda, mwaka 1959. Burundi na Rwanda zilikuwa na *Théologie et Pastorale*, na baadaye *Au Cœur de l'Afrique* lililochapishwa Bujumbura.

Kwa kuwa Kanisa lilikulia vilimani, taaluma yake nayo ilielekeza macho vilimani: ufalme wa mwami, imani juu ya Imana, ibada ya kubandwa, sarufi ya Kirundi. Kamusi ya Kifaransa na Kirundi ya Padre van der Burgt, iliyotoka mwaka 1903, ni tunda la mwelekeo huo. Mwambao wa wavuvi, wa wakulima wa michikichi, wa Waislamu na wasemaji wa Kiswahili ulibaki kuwa njia ya kupita. Ni jambo la kushangaza kidogo, maana Kiswahili ndicho kilichowapitisha wamisionari hao kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na mmoja wao, Delaunay, alitoa sarufi ya lugha hiyo kwa Kifaransa mwaka 1885.

Historia ya karne ya 20 iliongeza mapengo mengine. Maafa ya mwaka 1972 yalianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, tarehe 29 Aprili. Chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, hadi mwaka 1987, wamisionari wengi walifukuzwa nchini na shughuli za Kanisa zikabanwa. Msomaji wa majarida ya miaka hiyo hana budi kusoma na kile kisichoandikwa.

Jina lisilotafutika

Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilifungua Gallica mwaka 1997, na *Les Missions catholiques* linasomeka humo bila malipo. Mtandao wa majarida ya Kiafrika, AJOL, ulianza mwaka 1998. Mwanafunzi wa Rumonge mwenye simu anaweza leo kufungua ukurasa ambao babu yake hakujua kuwa upo. Je, ataupata?

Akiandika "Burundi", hatapata kitu, kwa sababu Wafaransa wa wakati ule waliandika *Ouroundi*, kama walivyoandika *Oudjidji* kwa Ujiji. Programu ya kutambua herufi, inaposoma chapa iliyofifia, huongeza makosa yake juu ya tahajia hiyo. Isitoshe, Rumonge yenyewe imehamahama katika vitabu vya utawala: katika miaka ya 1880 inahesabiwa na misheni ya Tanganyika, kuanzia mwaka 1961 imo katika Jimbo Katoliki la Bururi, kiserikali ilikuwa sehemu ya mkoa wa Bururi, ikawa mkoa kamili mwaka 2015, na katika mgawanyo mpya wa nchi kuwa mikoa mitano imeingia Burunga. Mtu naye ana shida hiyohiyo. Tajiri wa Ujiji aliyejulikana kwa jina la Rumaliza ndiye Mohammed bin Khalfan al-Barwani, na katalogi isiyoyaunganisha majina hayo mawili humgawa mtu mmoja kuwa wawili.

Ndiyo maana orodha ya majina, yenye tahajia zote za kale na za sasa, ingepaswa kutangulia mashine ya kuskani. Ni kazi ya gharama ndogo kuliko kuskani, ingawa haina mvuto kwa wafadhili, ambao hupenda kuhesabu kurasa. Kiswahili kina nafasi ya pekee hapa, kwa sababu ndiyo lugha inayovuka ziwa. Ujiji na Karema ziko Tanzania, Mpala na Kibanga ziko Kongo, Rumonge iko Burundi. Na tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vituo vyote hivyo vya kwanza vya ziwa vimo ndani ya jumuiya moja.

Ardhi na neno "mgeni"

Uzito wa suala hili unaonekana katika ardhi. Baada ya mwaka 1972 wakazi wengi wa Rumonge walikimbilia Tanzania. Mashamba yao yakapata wenyeji wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Waliporudi, mashauri yakafurika, na Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006 ilikuta baadhi ya migogoro migumu zaidi katika tarafa hizo za ziwani. Katika mji wa namna hiyo, ukurasa wa mwaka 1880 unaomtaja huyu kuwa mwenyeji na yule kuwa *Arabe* hausomwi kama makumbusho. Wasemaji wa Kiswahili wa Burundi wameitwa wageni kwa muda mrefu, na kurasa hizo zinaweza kutumiwa kuwatetea, kwa kuwa zinaonesha ukale wa mahusiano yao na mwambao, na pia kuwashtaki, kwa kuwa zinawachora wote kwa rangi ya biashara ya watumwa.

Wapo watakaosema kwamba kwa sababu hiyo ni heri karatasi zikae Roma kwenye nyaraka za shirika. Hoja hiyo haisimami. Kilichokwisha kuchapishwa kimeshafunguliwa, na anayeweza kukitumia vibaya hahitaji kibali cha mtu. Anayenyimwa ni mtafiti wa Rumonge asiye na nauli wala Kifaransa cha karne ya 19. Kinachohitajika ni maelezo: neno la kale libaki katika matini kama lilivyoandikwa, lakini lisipandishwe kuwa kichwa cha katalogi, muhtasari utolewe kwa Kiswahili na Kirundi, na masimulizi ya koo za Rumonge yarekodiwe na kupewa namba katika mkusanyo uleule, si katika kiambatisho.

Pa kuanzia pangeweza kuwa faili moja: Rumonge, 1879 hadi 1881. Ni dogo, lina mwanzo na mwisho, na chapa zake zimeshapitwa na muda wa hakimiliki, tofauti na majarida ya baada ya mwaka 1945 ambayo yatahitaji idhini ya wachapishaji. Wakutubi, wanaisimu na wanahistoria wa nchi tatu wangeweza kulifanyia kazi bila kusubiri mradi mkubwa. Na katika rekodi ya tarehe 4 Mei 1881, chini ya kipengele cha watu wahusika, yasiingizwe majina matatu peke yake. Wabikari waingizwe, na mtoto yule pia, kwa namba yake mwenyewe, ili atakayemtafuta ampate pa kumtafutia.